Ruhusa ya Kumcheka Baba

Mwanangu Somoe,

Ukiona herufi zimelala upande, jua zimeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe. Mama Neema, jirani yetu mwalimu, alitaka kunisaidia. Akaniambia, "Mzee Chande, wewe sema tu, mimi nitaandika." Nikamwambia binti yangu anakwenda chuo kikuu, baba yake hawezi kuazima mkono wa mtu. Mimi nimesoma kisomo cha watu wazima, nimekaa dawati la watoto magoti yakinigusa kidevu, nikamaliza, na cheti ninacho. Wenzangu waliokimbia wapo hapa hapa Mtawanya, mpaka leo wanaweka dole gumba. Kwa hiyo nisome taratibu. Pale palipokwaruzwa ndipo nilipokuwa nafikiri.

Nimetoka kuswali Isha. Mama yako yuko jikoni anakufungia ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, na korosho za njiani, na wewe nakusikia huko chumbani unalifungua begi na kulifunga tena. Mambo ya chandarua, ya sufuria, ya kutotembea ovyo na watu usiowajua, mama yako ameshayasema na kesho stendi atayasema upya. Mimi siyagusi. Kuna neno moja ulilisema leo tukila, nalo ndilo limenitoa kitandani.

Nilikuuliza swali la kawaida tu. Mama Neema alipotusomea karatasi zako za chuo, alisema kwenye hiyo kozi ya usafirishaji wa mizigo mwanafunzi akitaka anaongeza na somo la lugha, na Kireno kipo, anajiandikisha wiki ya kwanza. Nikafurahi kama niliyeshinda kitu. Hapa Mtwara tuna bandari, tuna kivuko cha Kilambo, na ukivuka tu Ruvuma watu wanasema Kireno. Mimi kwangu jambo lilikuwa limekwisha.

"Hicho Kireno umeshakiweka?" nikakuuliza.

"Si cha lazima, baba."

"Hata wewe hukuwa wa lazima. Tulikuzaa tu."

Mama yako akacheka. Wewe hukucheka.

"Kitanishusha alama."

"Umejuaje, na hujakionja?"

"Baba, niache. Kiingereza chenyewe sijakiweza."

"Nani kakwambia hujakiweza?"

Tonge likabaki mkononi mwako. Ndipo ukasema, kwa sauti ambayo mama yako hakuisikia lakini mimi nimeisikia: "Watanicheka."

Ukabeba sahani ukaondoka. Mimi nikapiga kelele nyuma yako kwamba mtoto wa Chande hachekwi, na jirani wa tatu kanisikia. Sasa nimetulia, nataka nikwambie yale maneno hayakuwa kweli. Chande mwenyewe kachekwa kuliko mtu yeyote kutoka hapa mpaka Masasi.

Kwanza nikwambie kwa nini neno lako limenitia hofu. Mwaka ule ulipokuwa kidato cha tano, kwenye ile shule ya bweni huko bara, nilikuja kwenye mkutano wa wazazi na ile kanzu yangu ya Idd. Mwalimu wako wa darasa akanishika mkono, akasema, "Mzee, binti yako ana akili sana. Lakini sauti yake siijui." Nikadhani ananisifia kwamba nimelea mtoto mpole. Nikajisifu garini njia nzima mpaka nilipofika nyumbani. Mama yako ndiye aliyenieleza. Kumbe mwanzoni kabisa ulisimama ukajibu swali kwa Kiingereza, sauti yako ikatoka na ule wimbo wetu wa kusini, darasa zima likacheka, na mmoja akawa anakuiga kila mkienda kula. Ukakaa. Hukusimama tena mpaka mnamaliza.

Somoe, mimi nikiwaza safari yako siogopi Dar es Salaam. Magari, wezi, bei za vitu, hayo utayajua kama wote wanavyoyajua. Ninachoogopa ni kiti cha nyuma. Naogopa utaingia kwenye yale madarasa makubwa, utajichagulia pembe, utaandika kila kitu wanachosema na wala hutauliza, na utarudi hapa na cheti kizuri, na huko nako waseme sauti yako hawaijui. Halafu waje kukuita kazini wakuulize maneno mawili, ukae kimya, wamchukue mwingine aliyekuwa nyuma yako kwa kila kitu ila mdomo.

Na nadhani najua ilianzia wapi. Bibi yako, mama yangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa anakutania. Alikuwa anakuita "mke mwenzangu". Anakwambia miguu yako myembamba, hutaolewa ila na mwenye upofu, na wewe unamjibu meno yake yamebaki ya kuhesabiwa na kuku, mnacheka mpaka mnalia. Hivyo ndivyo tulivyolelewa huku. Mtoto anataniwa na bibi, anataniwa na babu, na shemeji, na watani wa kabila jingine wanaokuja msibani kukejeli maiti, na mwisho anajua kwamba anayekucheka si lazima awe anakuchukia. Bibi yako alifariki wewe ukiwa kidato cha nne. Mwaka uliofuata wakakucheka huko bara, na hapa nyumbani ulikuwa huna mtu wa kukuchekesha juu ya jambo hilo. Mimi ni baba. Baba hataniwi na mwanawe, ndivyo nilivyokuta. Nikakaa na heshima yangu kwenye kiti, na wewe ukakaa na kimya chako jikoni.

Sasa sikiliza jinsi nilivyojifunza Kimakua, maana mama yako huwa anakusimulia kipande chake tu, na kipande chake kinampendelea.

Nilikuwa kijana napakia mizigo kule Kilambo. Nilikuwa na nguvu, waulize waliobaki. Mwenzangu wa kubeba alikuwa Bakari, Mmakua. Wamakua ni watani zetu sisi Wamakonde, kwa hiyo tangu siku ya kwanza hakuwahi kuniita jina langu. Asubuhi akiniona anasema, "Wewe bado hujafa? Sisi tumeshachimba." Tukinyanyua gunia anasema nanuka kama maiti ya juzi. Na yote hayo kwa Kimakua. Mimi sikubali kutukanwa kitu nisichokielewa, basi nikawa namuuliza maana yake, nakishika, kesho yake namrudishia. Kabla msimu wa korosho haujaisha, nikawa nabishana na wabebaji wote wa Kimakua pale ukingoni na nawashinda. Hapakuwa na Mmakonde mwingine anayesema kama mimi. Nilikuwa naringa nacho kile Kimakua kuliko shati jipya.

Ndipo nikamwona mama yako, Mmakua naye. Nikatafuta mshenga, nikapata mzee mmoja mtulivu wa huko huko kwao, tukaenda. Unajua desturi: mshenga ndiye anayesema, mwoaji anakaa chini anaangalia mkeka. Mimi njia nzima namwambia yule mzee, "Nitasema mwenyewe. Lugha ninayo." Akaniambia, "Kijana, kaa kimya, ni bora." Nikamwona ana wivu.

Tukaingia uani. Babu yako, baba wa mama yako, alikuwa amekaa na kaka zake. Kabla mshenga hajafungua kinywa, nikapiga goti, nikamsalimia babu yako kwa Kimakua, kwa sauti kubwa, safi kabisa. Nikamwambia, "Mzee, bado hujafa? Sisi tumeshachimba."

Mshenga akajifunika uso na kofia.

Mwanangu, mimi nilidhani ndivyo watu wanavyosalimiana. Sikuwahi kusikia Kimakua kingine. Kila Mmakua niliyemjua alikuwa mtani wangu wa kazini, na lugha yote niliyokuwa nayo ilikuwa ya utani. Mkwe hataniwi, hata kama anatoka kwa watani, na mimi nilikuwa sina hata neno moja la kumwambia mkwe. Kaka mmoja wa babu yako akasimama. Babu yako akamzuia kwa mkono, akaniuliza taratibu:

"Hii lugha yetu umefundishwa na nani?"

"Na Bakari, wa Kilambo. Tunabeba naye mizigo."

"Ni mtani wako?"

"Ndiyo, mzee."

Basi akaanza kucheka. Alicheka akashika nguzo ya baraza. Kaka zake wakacheka. Nyuma ya ukuta wa jikoni nikasikia kicheko cha mwanamke, ndiye bibi yako mzaa mama, ambaye kwa desturi sikutakiwa hata kumwona uso, na hakuna kitu kigumu kama kuchekwa na mkwe usiyemwona. Mimi nikasimama. Niliamua kuondoka. Nilikuwa na kiburi, bado ninacho. Nikafika mlangoni.

Babu yako akasema nyuma yangu, "Ukitoka, utakuwa umejua nusu. Rudi ujue na nusu nyingine, ndipo nikupe mtoto."

Nikarudi. Sijui kilichonirudisha, pengine mama yako, maana nilimwona akichungulia. Unajua zamani huku kwetu mwanamume ndiye aliyekwenda kukaa ukweni, akalima shamba la wakwe, wakamwona tabia. Nikalima. Nikapalilia mikorosho ya babu yako na mihogo yake, na kila siku nikifungua mdomo wanacheka. Nikisema nimeshiba, wanacheka. Nikiomba maji, watoto wadogo wananirekebisha mbele ya watu, na mimi ndiye mbeba mizigo niliyewashinda wote Kilambo. Jioni najiambia kesho naondoka. Asubuhi najikuta nimeshika jembe nauliza, hiki mnakiitaje?

Halafu siku moja babu yako aliumwa homa, nikaenda kumjulia hali, nikasema maneno yangu, nikakaa. Hakuna aliyecheka. Nikaangalia huku na huku kama mtu aliyepoteza kitu. Babu yako akafumba macho, akasema tu, "Nimepoa kidogo, baba." Aliniita baba. Mimi nimesifiwa mambo mengi, lakini hilo sijalisahau.

Nimekueleza hayo yote kwa sababu wewe unadhani kicheko kinakuja kwa sababu hujui. Mimi nakwambia kicheko ndicho mlango wenyewe. Wale walionicheka ndio walionifundisha. Na nilivyokijua Kimakua, mambo mengine yakafunguka ambayo sikuyategemea. Kiyao kilinichukua muda mfupi, kwa sababu sikio langu lilishazoea kunyamaza na kusikiliza kabla ya kujibu, na mimi si mtu wa kunyamaza, wewe unajua. Hata hicho Kiswahili cha vitabu nilichokisoma kisomoni, nilikuta hakinitishi. Nilishakuwa mjinga mbele za watu mara moja, na sikufa. Nikakaa dawati la watoto bila aibu.

Ndiyo maana nataka Kireno kwako, na si kwa ajili ya bandari peke yake, ingawa bandari ipo na malori yapo na siku moja mtu ataulizwa nani anajua kuzungumza na hawa wa ng'ambo. Fikiria hilo darasa lenyewe. Kwenye Kiingereza wenzako wamekutangulia, wamesoma shule za kulipia tangu wadogo, wewe unajiona umechelewa. Kwenye Kireno mtaingia wote hamjui kuomba maji. Msichana wa kwa matajiri wa Masaki atatamka vibaya, na kijana wa Arusha atatamka vibaya, na wewe pia. Mtachekana. Hapo ndipo nataka sauti yako irudi, mahali ambapo wote ni watoto. Ikisharudi, utaihamishia hata kwenye hicho Kiingereza chao. Alama zikishuka kidogo, zishuke. Mimi sikupeleki kuchukua alama tu.

Na kuna jambo jingine, hili sikuwahi kumwambia mama yako.

Kireno changu mimi ni maneno mawili. Yote ni ya mtumbwi. "Ispera", maana yake subiri. "Vamu", maana yake twende. Kwa maneno hayo nimeongoza watu pale Kilambo miaka yote, na nilikuwa najiita mjuzi. Siku moja akavuka mzee mmoja wa mbali, wa kusini kabisa mwa Msumbiji, Kimakonde hajui, Kimakua hajui. Akanifuata mimi, kwa sababu alisikia napiga kelele kwa Kireno. Akanieleza jambo refu, ananishika mkono, anaonyesha barabara ya kuja mjini. Wenzangu wanaangalia. Sikutaka waone kwamba sijui. Nikamwambia, "Ispera."

Akasubiri. Alikaa juu ya mfuko wake ukingoni, akiniangalia kila ninapopita na mzigo, na mimi kila nikipita namwambia lile lile. Baada ya Alasiri akaja dereva mmoja anayejua lugha, akaongea naye, akanigeukia. "Huyu mzee dada yake amefariki huko Mtwara. Alikuwa anaomba aonyeshwe gari. Maziko yalikuwa leo Adhuhuri."

Yule mzee hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa afadhali, ingawa nisingeelewa.

Mimi sikuwa na ubaya naye. Ningekuwa na neno la tatu, ningelitumia. Tangu hapo nikisikia mtu anasema kitu nisichokielewa, najiuliza huyu naye anawahi wapi. Wewe utakuja kukaa ofisini, watu watakuja na karatasi zao na shida zao, na wengine watakuwa wanasema lugha hiyo. Sitaki binti yangu abaki na maneno mawili kama mimi.

Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya nishike kalamu. Nimekaa hapa nawaza, nani atamzoeza huyu mtoto kucheka na kuchekwa, na bibi yake hayupo? Mama yako ni mtu wa kukubembeleza. Wajomba wako mbali. Nimezunguka zunguka, nimejikuta nimebaki mimi.

Najua desturi. Najua wazee wa msikitini wakisikia watasema Chande amechanganyikiwa. Lakini bibi yako ameondoka, na mimi ni mwanawe, nimekirithi kiti chake, basi nirithi na kazi yake. Kuanzia kesho nakupa ruhusa ya kunitania. Mimi baba yako, mkali, mwenye cheti cha kisomo. Utajiandikisha hicho Kireno. Kila Ijumaa nikitoka msikitini, utanipigia simu, utanisomea maneno mliyofundishwa wiki hiyo, na mimi nitayarudia. Nitayaharibu, nina meno machache na ulimi wangu ni wa Kimakonde. Utacheka. Usiifunike simu kwa mkono ukidhani sitajua. Nataka nikusikie. Halafu utanirekebisha kama wale watoto wa ukweni walivyonirekebisha, na mimi nitajibu kwamba miguu yako ni myembamba, na utajua la kunijibu.

Kama hutaki, kama ukifika huko ukaona kweli huwezi, niambie kwa mdomo wako. Sitakulazimisha. Lakini usiniambie si cha lazima.

Mama yako kaja mlangoni kuuliza kama nakuandikia barua au nakuandikia shamba. Amesema karafuu za tumbo ameziweka mfuko wa pembeni. Basi hilo moja la nyumbani nimelisema, kwa niaba yake.

Kesho alfajiri bajaji itatuchukua mpaka stendi. Usinitegemee sana pale. Nitakuwa nagombana na kondakta juu ya begi, nitakuwa najifanya nina shughuli, unanijua. Lakini basi likiwasha moto nitakuja kwenye dirisha lako, na mbele ya abiria wote, na mbele ya Mama Neema atakayekuja kukusindikiza, nitapiga kelele lile neno langu la Kilambo, lile la pili. Nitalisema kama ninavyolijua, yaani vibaya.

Wewe uliyekwenda shule, chungulia uniambie linavyotamkwa. Na kama hulijui bado, nicheke tu. Nitasimama pale mpaka nione meno yako.

Baba yako, na sasa mtani wako,
Chande